Saa ya Sataranji si Pambo la Kabati

Mwezi uliopita niliitwa Mangapwani kushauri jambo ambalo wengi wangeona halistahili kumtoa mtu mjini. Walimu watatu na wazee kadhaa wa pale wameanzisha kikundi cha sataranji kwa watoto wa skuli. Wamepata fedha kidogo kutoka kwa wenyeji wanaofanya kazi nje ya nchi, wakaunda na kamati ya ununuzi. Nilipofika, kamati ilikuwa imekwishanunua mbao kumi na kete za kuchongwa, nzuri mno, zenye kung'ara kwa vanishi. Kilichobaki ni fedha za saa. Mwenyekiti akaniuliza: "Daktari, tununue saa gani?" Nami nikamuuliza: mbona saa imekuja mwisho?

Naandika makala haya kwa sababu jibu nililopewa si la kamati ile peke yake. Nimelisikia vyuoni, nimelisikia katika ofisi za serikali na katika vyama vya vijana: kwanza vifaa vya msingi, saa ni anasa, tutaitazama mbele ya safari. Mimi nasema kinyume chake. Katika mchezo huu saa ndicho kifaa cha msingi, na anayemchagulia mtoto wa shamba saa isiyofaa, au anayemnyima saa kabisa, amekwisha kumwamulia matokeo kabla hajasogeza askari wa kwanza.

Ubao wa sataranji unaweza kuuchora kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, au kwa kalamu nyuma ya boksi la sabuni. Ni miraba 64 tu. Kete unaweza kuzitengeneza kwa vifuniko vya chupa vya rangi mbili, ukaandika juu yake M kwa malkia na N kwa ngome. Nimezichezea kete za namna hiyo, na sikumbuki kwamba zilipunguza chochote katika kufikiri kwangu. Saa haichorwi wala haichongwi. Katika mchezo mzima hiki ndicho kifaa pekee ambacho ubunifu wa kijiji hauwezi kukizalisha. Iweje basi fedha iliyo adimu ipelekwe kwanza kwenye kile tunachoweza kujitengenezea wenyewe, na kile tusichokiweza kiachiwe makombo? Nadhani sababu naijua. Ubao wa mti mzuri hutoka vizuri katika picha ya makabidhiano. Saa ya plastiki haitoki vizuri.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana ndicho kinachonipa ukali huu. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mashindano ya vijana, sitayataja ni ya nani wala yalifanyika wapi, yaliyotumia saa za zamani za kutia ufunguo: nyuso mbili za mishale, na kibendera chekundu kinachonyanyuliwa na mshale wa dakika na kuanguka ukifika juu. Msichana mmoja kutoka shamba alicheza na kijana wa skuli ya mjini. Alimzidi ngome nzima. Lakini hajawahi kuona saa ya sataranji maishani mwake. Kila alipocheza, aliiweka kete katikati ya mraba kwa adabu, akakunja mikono, akasubiri. Kubonyeza saa alisahau. Dakika zake zilikuwa zinamwagika na mpinzani wake amekaa kimya, kama kanuni zinavyomruhusu. Alipokuja kutanabahi, amebakiwa na dakika moja na kazi ya kumaliza mchezo alioushinda. Mkono ukatetemeka, kete mbili zikaanguka, kibendera nacho kikaanguka. Mwamuzi akaandika sifuri. Nje ya ukumbi akaniuliza kama alikosea wapi, na mimi mwenye shahada ya uzamivu sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba hakuna aliyempa saa ya kujifunzia.

Wapo watakaosema huo ndio mchezo, na mwenye haraka ndiye mshindi. Si kweli, na historia ya saa yenyewe inawakatalia. Saa haikuletwa katika sataranji ili kumkimbiza mtu. Ililetwa ili kuwazuia wakubwa wasiwaonee wenzao kwa kukaa. Katika mashindano ya London ya mwaka 1851, Howard Staunton alilalamika kwamba Elijah Williams alimchosha kwa kukaa mbele ya ubao muda usio na kikomo. Miaka kumi baadaye Anderssen na Kolisch walicheza kwa kutumia vipimo vya mchanga. Mwaka 1883, tena mjini London, zikatumika saa mbili zilizounganishwa juu ya ubao mmoja kama mizani: ukiinamisha hii inasimama, ile inaanza kwenda. Ni mwaka uleule ambao Seyyid Barghash alijenga Beit el-Ajaib hapa Unguja. Kuanzia hapo muda ukawa mali ya wachezaji wote wawili, unahesabiwa kwa kila mmoja peke yake, mbele ya macho ya wote.

Lakini saa ya mishale ilikuwa na dhuluma yake. Ilimpa mchezaji fungu moja la dakika, na lilipokwisha lilikwisha, hata kama mfalme wa mpinzani amebakiwa na pumzi moja. Mtu aliyeshindwa kwa akili aliweza kushinda kwa vidole, kwa kurusha kete huku na huku mpaka bendera ya mwenzake ianguke. Aliyelitibu jambo hili ni Bobby Fischer, mtu ambaye kwa mambo mengine mengi singemfuata hata hatua moja. Mwaka 1989 alipewa hataza nchini Marekani kwa saa ya kielektroniki inayomwongezea mchezaji sekunde kadhaa kila anapocheza, na mwaka 1992 akaitumia katika mchezo wake wa marudio na Boris Spassky kule Yugoslavia. Maana ya nyongeza ile ni nyepesi: maadamu unacheza, huwezi kukosa kabisa wakati wa kucheza. Leo dunia nzima inakwenda hivyo. Ubingwa wa dunia wa mchezo wa haraka huchezwa kwa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Ule wa haraka zaidi ni dakika 3 na sekunde 2. Na Olimpiadi ya Budapest ya mwaka 2024 ilichezwa kwa nyongeza ya sekunde 30.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuchagua saa, swali la kwanza si dijitali au mishale, wala si Ulaya au China. Swali ni hili: je, saa hii inaongeza sekunde kwa kila hatua, kuanzia hatua ya kwanza? Kama haiongezi, irudisheni dukani, hata kama imefungwa kwa dhahabu.

Sisi watu wa visiwa hivi tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu tunajua saa ya upande mmoja ilivyo. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Seyyid Khalid bin Barghash mpaka saa tatu asubuhi awe ametoka katika kasri. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ikaanza, na kabla ya saa nne kasoro robo vita vilikuwa vimekwisha. Vitabu vya nje huvisimulia kama kichekesho, vita vifupi kuliko vyote duniani. Waliokufa ndani ya kasri hawakucheka. Saa ile ilikuwa na uso mmoja, na aliyeishika alikuwa ndiye mwenye manowari.

Na tusijidai kwamba tumeiacha. Nendeni katika ofisi yoyote ya umma asubuhi. Mwananchi anapewa siku saba za kuleta kiambatisho, siku kumi na nne za kukata rufaa, na akichelewa siku moja faili lake linafungwa. Ofisi inapewa muda gani wa kumjibu? Akiuliza, anaambiwa arudi wiki ijayo. Dakika zake zinakwenda. Za mezani zimesimama. Watumishi wenzangu wa umma mnaonisoma mnajua nasema kweli, na wengine wenu mmeniambia wenyewe kwamba mngetamani kuwe na kitu cha kubonyeza kila faili linapotoka mkononi mwenu.

Nirudi Mangapwani. Kamati ilikuwa na mapendekezo matatu, na nitayapitia kwa sababu ndiyo hayohayo kila mahali.

La kwanza lilikuwa kununua saa tatu za DGT, kampuni ya Uholanzi ambayo saa zake hutumika katika mashindano makubwa na baadhi zimeidhinishwa na FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji. Sina neno baya juu ya saa hizo. DGT 3000 ni chombo kizuri, ina mipangilio mingi iliyo tayari, na ukiwa na ubao wa kielektroniki unaweza kuiunganisha nao. Lakini Mangapwani hakuna ubao wa kielektroniki. Kuna mbao kumi, na kila ubao unataka saa yake. Ukinunua tatu, watoto sita watajifunza kucheza na muda, na kumi na wanne watajifunza kutazama. Kwa fedha ileile zinapatikana saa kumi za kawaida zilizotengenezwa China, kama vile za LEAP, zenye nyongeza ileile ya sekunde. Mtoto akienda mashindano yanayotambuliwa na FIDE, saa ya kiwango ataikuta ukumbini. Kinachotakiwa ni mkono wake uwe umezoea. Najua jina kubwa linavyopendeza katika ripoti. Najua pia yanakoishia mambo haya: saa tatu za thamani zinafungiwa katika kabati la Mwalimu Mkuu zisiharibike, na ufunguo anao mtu aliyekwenda mjini.

Pendekezo la pili lilikuwa saa za mbao za kutia ufunguo, "zinazofanana na kete zetu." Nimekwisha kusema. Saa hizo ni nzuri ukutani kwa mtu mwenye mapenzi ya vitu vya kale. Mtoto asipewe.

La tatu lilitoka kwa kijana mmoja mwerevu, mwanafunzi wangu wa zamani, na lilikuwa gumu zaidi kulijibu: tusinunue saa kabisa, tutumie programu ya simu, ni bure na ina nyongeza. Ni kweli ina nyongeza. Nami nyumbani naitumia. Lakini simu ni ya nani? Skuli zetu nyingi zinamkataza mwanafunzi kuja na simu, kwa hiyo simu itakuwa ya mwalimu, na mwalimu ana simu moja, si kumi. Katikati ya mchezo mama mkwe atapiga. Katika mashindano rasmi, simu ndiyo inayomtoa mchezaji mchezoni, maana kanuni za FIDE zinamkataza kuwa nayo ukumbini bila idhini. Tutamfundisha mtoto kwa kifaa ambacho siku ya mtihani ni kosa kukikamata? Tena kioo cha simu hakina kitu cha kukisukuma, na mkono unajifunza kwa kusukuma.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe unapoanza, na hapa nawaomba wale wenzangu wanaoandika maelezo ya zabuni wasome pole pole. Ukiandika "saa ya sataranji, dijitali, idadi kumi," utaletewa chochote. Zipo saa za bei rahisi zinazohesabu kwenda juu na kurudi chini tu, hazijui nyongeza ni nini, na kwenye boksi zimeandikwa ni za kitaalamu. Andika kwamba iongeze sekunde kwa kila hatua, na kwamba sekunde hizo ziweze kupangwa kuanzia 1 mpaka 30 au zaidi. Andika kwamba iwe na wenzo wa juu, unaopanda upande mmoja ukishuka wa pili kama pembea, usiwe mguso. Wenzo unaonekana kutoka mwisho wa chumba ni zamu ya nani, na haujali mkono wenye jasho. Andika kwamba itumie betri za AA, zile zinazouzwa katika duka lolote la Bumbwini, si betri ya ndani ya kuchaji ambayo ikifa saa imekufa nayo. Kioo kiwe cha tarakimu nyeusi zinazosomeka juani, maana watoto wetu watachezea barazani na chini ya mwembe, hawatachezea ukumbi wenye viyoyozi. Iweze kusimamishwa pande zote mbili na kurekebishwa na mwamuzi, kwa sababu makosa yatatokea. Ioneshe waziwazi nani muda wake umekwisha kwanza. Na ikumbuke mpangilio wa mwisho, ili mwalimu asiipange upya kila jioni.

Betri zitolewe saa zikihifadhiwa. Hewa ya bahari yetu inajulikana, chumvi inakula shaba ndani ya miezi michache, na nimeshaona saa nzima ikitupwa kwa sababu ya vibati viwili vya betri vilivyoota kutu ya kijani.

Kuna hoja moja iliyonigusa kuliko zote, na haikutoka kwa msomi. Mzee mmoja wa kamati, aliyewahi kuwa imamu, alikuwa amenyamaza muda wote. Mwisho akasema: "Mwanangu, mimi na mchezo huu sina ugomvi mkubwa, ila michezo hii haina mwisho. Mtoto huingia nayo Adhuhuri akatoka nayo Magharibi." Wengine walitabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu aliligusa suala lenyewe. Si mwanafiqhi mimi, lakini inafahamika kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, sataranji imehesabiwa kuwa ni makuruhu, na kwamba inaingia katika haramu ikiwa na kamari au ikimpitisha mtu wakati wa sala. Kamari tunaizuia kwa kanuni za kikundi. La pili tunalizuia kwa nini?

Nikamtolea hesabu. Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10: mchezo wa hatua 60 kwa kila upande, ambao ni mrefu, unampa kila mchezaji nyongeza ya dakika 10, jumla 25, wawili pamoja, 50. Ni muda uleule ambao saa ya mishale ingeuchukua ukiwapa dakika 25 kila mmoja, ila hapa hakuna anayenyang'anywa ushindi kwa vidole. Mchezo ukiisha kwa hatua 40, haufiki hata dakika 44. Anzeni baada ya sala ya Alasiri na adhana haitawakuta kati ya mchezo. Mzee akauliza: "Kwa hiyo bila saa hii, hakuna anayejua watamaliza lini?" Nikamwambia hakuna. Akasema basi saa ingenunuliwa kwanza. Kwa maneno yale mafupi alinipita mimi na mhadhara wangu wote.

(Watu wa bao wataniuliza mbona wao hawana saa. Bao halihitaji saa, lina wazee. Chelewa kidogo tu kusogeza kete uone utakavyosemwa na kila aliyekaa barazani, mpaka na muuza kahawa.)

Nimesikia pia manung'uniko kwamba kijiji kinachosubiri bandari jumuishi hakina nafasi ya kujadili saa za plastiki. Mangapwani leo inatajwa kwa bandari, na kwa watalii inatajwa kwa pango la matumbawe na chumba cha watumwa. Watoto wa pale hawatajwi. Kule Uganda, mitaa ya Katwe ilikuwa haitajwi kwa jema mpaka Robert Katende alipowakusanya watoto na kuwafundisha sataranji, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010. Simdai mtu yeyote Phiona wa Mangapwani. Nadai tu kwamba mtoto wa pale akishindwa, ashindwe na aliyekaa mbele yake.

Kamati haijakubaliana. Mwenyekiti bado anazitaka zile tatu, na ana sababu zake: mfadhili mmoja ameahidi kuja kuzikabidhi mwenyewe. Kikao kinachofuata ni Jumatano baada ya Alasiri. Nitapanda gari ya Bumbwini nikiwa na saa moja ya kawaida ndani ya mkoba na betri mbili mfukoni, na nitaomba aitwe mtoto yeyote wa darasa la tano, aoneshwe mara mbili namna ya kuipanga dakika 15 na sekunde 10, kisha aipange mwenyewe mbele ya kamati nzima bila kijitabu cha Kiingereza. Akishindwa, nitarudi nayo mjini.